Kikombe cha Udongo na Ngozi ya Majivu



Juma hili naomba ruhusa yenu niiache Injili ya Dominika isubiri mimbari, nami hapa niwasimulie habari ya kikombe kimoja. Kipo mezani mbele yangu ninapoandika. Ni cha udongo, chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili mithili ya chungu cha maharage, hakina mkono wa kushikia, na ukikijaza maji jioni, kunapokucha utakuta duara la unyevu juu ya meza. Kikombe hiki niliwahi kukikataa, tena mbele ya watu.

Aliyekileta ni bibi mmoja mfinyanzi wa hapa Tindiga, mmoja wa wachache waliobaki ambao huujua udongo wa bonde letu kwa kuusugua tu kati ya kidole gumba na cha shahada. Alikuja sakristia baada ya Misa ya kwanza, kikombe amekifunga katika pindo la khanga, akapiga goti, akasema: "Baba, hiki nimemfinyangia Bwana. Nataka siku ya Sikukuu ya Ekaristi Damu yake ikae humu." Watumishi wa altare walikuwa bado wanavua mavazi yao, nao walisikia. Nami, badala ya kuketi naye, nilimjibu kwa haraka ya mtu anayesubiriwa na kigango kingine: "Haiwezekani, Bibi. Kanisa limekataza vyombo vya udongo." Alinitazama kitambo, kisha akauliza pasipo hasira yoyote: "Kwani kikombe cha Bwana mwenyewe kilikuwa cha nini, Baba?"

Nilimtajia namba ya hati. Mtu amesomeshwa falsafa na teolojia kwa miaka mingi, anaulizwa swali na bibi kizee mwenye udongo kwenye kucha, naye anamtajia namba ya hati! Swali lile halikuniacha. Haya yafuatayo ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa, na kwa kuwa limenipeleka mbali kuliko nilivyotazamia, nimeona niwashirikishe nanyi.

Injili hazisemi kikombe kile kilikuwa cha nini. Sheria ya Musa, katika sura ya 11 ya kitabu cha Walawi, iliamuru kwamba chombo cha udongo kikiingiwa na unajisi kivunjwe. Wafafanuzi wengi huona sababu yake ni kwamba udongo hunyonya, hauoshwi ukatakata. Ndiyo maana Wayahudi walioshika sheria kwa bidii walipenda vyombo vya mawe, na ndiyo maana Yohane, anapotusimulia arusi ya Kana, hasahau kutaja kwamba ile mitungi 6 ilikuwa ya mawe. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vikombe na mitungi mingi ya mawe laini huko Yerusalemu na Galilaya, vya karne ileile ya kwanza. Kwa hiyo kikombe cha Karamu ya Mwisho kingeweza kuwa cha jiwe, au cha kioo, au cha udongo kama hiki changu. Dhahabu walioiweka mikononi mwa Bwana ni wachoraji wa baadaye.

Kanisa la karne za mwanzo nalo halikuwa na ugumu mkubwa katika jambo hili. Tertuliani, aliyeandika huko Karthago mwanzoni mwa karne ya 3, anataja vikombe vya ibada vilivyochorwa Mchungaji Mwema. Vilikuwapo vikombe vya kioo, vya mti, vya pembe na vya udongo, na vya fedha kwa jumuiya zilizojaliwa. Makatazo yalikuja polepole. Nchini Uingereza mwaka 787 vilikatazwa vikombe vya pembe. Huko Tribur, Ujerumani, mwaka 895 sinodi ilikataza vikombe vya mti. Hofu iliyokuwa nyuma ya makatazo hayo haikuwa ya ufahari, bali ya heshima: chombo kinachonyonya divai iliyogeuzwa hubaki na kitu ambacho padre hawezi kukinywa wala kukiosha. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi wa mwaka 2002 unadai kwamba sehemu ya kikombe inayopokea Damu ya Bwana iwe ya kitu kisichonyonya. Na hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004, katika namba 117 niliyomrushia bibi yule, inakataza waziwazi vyombo vya kioo na vya udongo kwa kuwa huvunjika upesi. Lakini Mwongozo huohuo unaruhusu vitu vingine vigumu ambavyo watu wa mahali huvihesabu kuwa vya thamani, Baraza la Maaskofu likikubali, na mfano unaotolewa ni mti wa aina ya mpingo. Watanzania tutabasamu kidogo hapo.

Basi, makosa ya kikombe cha bibi ni mawili: kinavunjika na kinakunywa. La kwanza ni la kila udongo duniani. Hili la pili ndilo lililonifanya nianze kuuliza habari za moto.

Wengi wenu mmeona jinsi vyungu vyetu vinavyochomwa, ingawa vijana wa leo huenda wamewaona tu bibi zao wakirudi navyo kichwani kutoka mnadani. Udongo huchimbwa penye kinamasi, uleule unaoshika maji ya mpunga wetu na kuyakwamisha magari wakati wa masika. Hutwangwa, huchanganywa na mchanga au vigae vya vyungu vya zamani vilivyopondwa, ili usipasuke motoni. Hakuna gurudumu, mama huzunguka chungu, si chungu kumzunguka mama. Hulainishwa kwa kijiwe cha mtoni, hukaushwa kivulini, kisha hupangwa chini, hufunikwa kuni, magome na majani makavu, na kuwashwa moto pale pale uwanjani. Kazi yaweza kwisha baada ya saa chache. Moto wa namna hiyo mara chache huzidi nyuzi joto 900. Unatosha kuufanya udongo usirudi kuwa tope, hautoshi kuzifunga tundu zake. Ndiyo sababu mtungi hutoka jasho na maji yake yakawa baridi (hiyo ndiyo faida ambayo ndoo ya plastiki haitatupatia kamwe), na ndiyo sababu chungu kipya hupikiwa kwanza uji mzito, wanga upate kuziba njia. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki wafinyanzi hukinyunyizia chungu kikiwa bado cha moto maji ya magome yaliyochemshwa, kwa kusudi lilelile.

Na majivu je? Kuni zote hizo huacha majivu, nayo hukaa juu ya chungu. Kwetu hupanguswa kwa kitambaa, basi. Huko Japani, majivu yayo hayo yamewafanya watu watoe mali zao zote.

Padre mwenzangu alinionyesha picha ya bakuli la chai la Kijapani, nami kwanza nikadhani limeharibika. Halikuwa duara kamili. Upande mmoja ulikuwa mkavu, wa rangi ya ngozi ya kiazi. Upande wa pili ulikuwa umefunikwa na kioo cha kijani kilichotiririka na kugandia njiani kama utomvu wa mti. Hakuna mtu aliyekipaka kioo hicho. Mfinyanzi wa Shigaraki au Iga hukipanga chombo chake kikavu, bila rangi yoyote, ndani ya tanuri refu lililochimbwa kwenye mteremko wa kilima, ambalo Wajapani huliita anagama, kisha hulisha kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa, pengine juma zima. Moto hupanda hadi nyuzi 1,200 na zaidi. Majivu hupeperushwa na mkondo wa hewa, hutua kwenye bega la chombo linalouelekea moto, na kwa kuwa yana chokaa na chumvichumvi za magadi, huyayuka pamoja na mchanga ulio katika udongo. Mchanganyiko huo ukipoa huwa kioo. Chombo kikitoka tanurini kimevaa ngozi isiyopitisha tone. Ukikitazama waweza kujua mlango wa moto ulikuwa upande gani.

Ujuzi huu Wajapani waliupata kutoka Korea katika karne ya 5, nao Wachina walikuwa wameuona muujiza wa majivu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakajifunza hata kuyachanganya na udongo wakayapaka kwa makusudi. Lakini vyombo vya Shigaraki havikuwa vya wakuu. Ilikuwa mitungi ya wakulima, ya kuwekea mbegu na maji. Matajiri walinunua vyombo vya Kichina vilivyo laini na sawasawa. Kisha, katika karne ya 15 na ya 16, wakaja walimu wa ibada ya chai, Murata Juko, Takeno Joo na hatimaye Sen no Rikyu aliyefariki mwaka 1591, wakaanza kuingiza katika chumba cha chai chombo cha mkulima chenye mkunjo na majivu yake. Waliwafundisha wakubwa kukipokea kwa mikono miwili, kukizungusha, na kukitazama kabla ya kunywa. Katika vizazi vichache, mtungi wa mbegu ukawa na thamani kwa watawala. Naomba mlikumbuke hilo. Udongo haukubadilika, yalibadilika makadirio ya watu.

Hapa msomaji wa Tindiga ataniuliza: na sisi je, hatukuujua moto mkali?

Tuliujua sana. Ukitoka kwetu kuelekea kaskazini mashariki, ukauvuka uwanda wa Mkata na kuufikia mto Wami, upo Dakawa, mahali ambapo Randi Håland na Charles Msuya walichimbua na kuandika habari zake mwaka 2000. Walikuta makao ya watu wa nusu ya pili ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, waliofinyanga vyungu vyenye mapambo ya pembetatu zilizochanjwa, yaleyale ambayo Profesa Felix Chami ameyafuatilia katika pwani yote ya Tanzania. Tena watu haohao walifua chuma. Penye tanuri za chuma hubaki mavi ya chuma, yale mapande meusi mazito ambayo wakulima huyatupa pembeni mwa shamba, na pia mabomba ya udongo yaliyopitisha upepo wa mivukuto. Mabomba ya namna hiyo yamepatikana sehemu nyingi za nchi yetu, na ncha yake iliyoingia motoni mara nyingi imeyayuka na kuvaa kioo, cheusi au cha kijani, kilichotokana na majivu ya makaa na udongo wenyewe. Kule Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wafue chuma kwa njia ya mababu, wakapima joto lililozidi nyuzi 1,300. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1978 na kuwashangaza wengi waliodhani Afrika ilikuwa ikicheza na moto wa jikoni tu.

Kwa hiyo ngozi ya majivu haikukosekana katika ardhi yetu. Ilikuwapo kwenye ncha ya bomba ambalo mfua chuma alilivunja na kulitupa baada ya kazi.

Kwa nini basi haikuhamia kwenye chungu? Sababu moja ni udongo wenyewe: udongo mwekundu wenye chuma kingi, kama huu wetu, hulegea na kuvimba kabla haujafika joto hilo, wakati ule wa Shigaraki huvumilia. Sababu nyingine ni kwamba chungu cha kupikia hakitakiwi kuwa kigumu kama jiwe. Chungu chenye tundu hustahimili kupanda na kushuka kwa moto wa mafiga. Bakuli la Shigaraki ukilitia mafigani litapasuka. Waliotufinyangia walijua walichokuwa wakikitafuta. Lakini naona na sababu ya tatu, nayo ni maoni yangu. Katika makabila mengi ya Afrika tanuri la chuma lilikuwa la wanaume, limezungushiwa miiko, na wanawake walikatazwa kulikaribia, ingawa lenyewe lilihesabiwa kuwa kama mwanamke anayejifungua. Chungu kilikuwa cha wanawake, kikichomwa uani. Mioto miwili ya kijiji kimoja, na yamkini hakuna aliyeruhusiwa kubeba kijinga kutoka mmoja kwenda kwa mwingine.

Vyombo vyenye ngozi ya kioo vilitufikia kwa njia ya bahari. Wakati Dakawa inafua chuma, mitungi mikubwa ya kijani kutoka kusini mwa China, iliyochomwa kwa kuni katika matanuri marefu ya milimani na kupakwa mchanganyiko wa majivu, ilikuwa ikishushwa Unguja Ukuu, Manda na Shanga. Merikebu moja iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, yapata mwaka 830, ilipogunduliwa mwaka 1998 ilikutwa na vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000, mabakuli mengi yakiwa yamepangwa ndani ya mitungi ya namna hiyo hiyo. Watu wa pwani walivithamini mno hata wakavipachika katika misikiti na makaburi yao. Mliohiji Bagamoyo, mahali Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni mwaka 1868 na kutoka huko wakaja hata nchi hizi zetu za Morogoro, safari nyingine msiishie kwenye Msalaba wa pwani. Nendeni Kaole, mwendo mfupi tu, mtazame nguzo za makaburi ya kale. Mtaona vishimo vya duara. Humo ndimo yalimokaa mabakuli ya kijani ya Kichina.

Sasa nirudi kwenye chai, maana humo Kanisa lilikuwamo.

Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akiwa njiani kutoka Msumbiji kwenda Goa, alitia nanga Malindi. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huohuo anasimulia kwamba walimzika pale mtu mmoja aliyefia melini, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao. Miaka 7 baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, mguu uleule uliokanyaga mchanga wa Malindi ulishuka Kagoshima, Japani. Wareno walipita kwetu na kwao, wakaacha maneno. Sisi tunasema "padre". Wajapani walisema "bateren", nalo ni neno lilelile. Sisi tumebaki na "meza". Wao, kile kioo cha kijani cha majivu kinachotiririka ubavuni mwa bakuli la Iga wanakiita "bidoro", kutoka neno la Kireno la kioo. Hata mtu wa upande wetu wa bara alifika huko: Mwafrika aliyeitwa Yasuke, ambaye mwandishi Mjesuiti wa mwaka 1627 alimtaja kuwa mtu wa Msumbiji, alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Padre Alessandro Valignano, na mwaka 1581 akaingia katika utumishi wa Oda Nobunaga, mtawala aliyependa vyombo vya chai kama wengine wanavyopenda farasi.

Valignano huyo alikuwa mtu wa akili nyingi. Aliagiza kwamba kila nyumba ya Wajesuiti Japani iwe na mahali safi pa kuandalia chai, na mtu anayejua kuiandaa, kwa sababu aliona kwamba asiyejua kumkaribisha Mjapani kwa bakuli hatasikilizwa akianza katekesi. Wapo waandishi wanaodai kwamba Rikyu aliitazama Misa ndipo akapanga ibada yake ya chai, wakitaja kitambaa cha kupangusia na bakuli moja linalopokezanwa. Mimi nasita kukubali. Desturi ya chai ilikuwa na mizizi yake katika nyumba za watawa wa Zen kabla padre wa kwanza hajashuka melini.

Jambo lisilo na shaka ni kwamba miongoni mwa wanafunzi mashuhuri wa Rikyu alikuwapo Mkatoliki, Justo Takayama Ukon. Alizaliwa mwaka 1552, akabatizwa akiwa kijana wa umri wa miaka kama 12, akawa bwana wa ngome ya Takatsuki. Mjesuiti João Rodrigues, aliyeijua Japani na kuandika kwa urefu juu ya chai, anaeleza kwamba Ukon aliiona chai kuwa shule ya fadhila na utulivu, na kwamba alipotaka kusali alijifungia katika kile chumba kidogo cha chai akiwa na sanamu yake. Fikirini chumba hicho: jamvi, moto wa makaa, birika, na bakuli la udongo. Upanga huachwa nje, na mlango ni mdogo kiasi kwamba hata jemadari huingia kwa magoti.

Mwaka 1587 Toyotomi Hideyoshi alitoa amri ya kuwafukuza mapadre, akamtaka Ukon aikane imani. Inasimuliwa kwamba mjumbe aliyetumwa kumshawishi alikuwa Rikyu mwenyewe, mwalimu wake. Ukon alikataa, akapoteza ngome, ardhi na askari kwa siku moja. Aliishi miaka mingi Kanazawa chini ya ulinzi wa ukoo wa Maeda, akiendelea na chai yake na sala zake. Mwaka 1614 ikaja amri nyingine, ya Tokugawa Ieyasu, naye akapakiwa katika meli pamoja na Wakristo wengine yapata 300, akapelekwa Manila. Alifika mgonjwa. Alifariki mwanzoni mwa Februari 1615, hajatimiza hata siku 50 ugenini. Tarehe 7 Februari 2017, mjini Osaka, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, tena kama mfiadini, ingawa hakuna upanga uliomgusa. Uhamisho ndio uliomuua.

Ukon hakuitumia bakuli yake ya chai kwa Misa. Katika nyumba yake Misa ilikuwa na kikombe chake na chai ilikuwa na bakuli lake, na sijaona popote kwamba alilalamikia hilo. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilielewa kwamba kosa langu sakristia halikuwa kuitii hati. Hati niliitii sawasawa na nitaitii kesho. Kosa lilikuwa kumwachia bibi adhani kwamba Kanisa limeuona udongo wake kuwa uchafu. Wanaouona hivyo, tuseme kweli, ni sisi wenyewe wa hapa. Mwongozo unauliza watu wa mahali wanathamini nini, nasi jibu letu limeonekana jikoni na mnadani: ndoo za plastiki, sufuria, na chungu kimegeuzwa kuwa kitu cha kuombea radhi mgeni akija. Sijui mfinyanzi mmoja wa bonde hili anayefundisha binti yake. Huko Japani ilitokea watu wenye macho wakakaa chini mbele ya mtungi wa mbegu. Huku kwetu hata neno "chetezo", tunalolitumia altareni kwa chombo cha shaba cha kufukizia ubani, lilikuwa jina la chombo cha udongo cha nyumba za pwani, nasi tumelichukua jina tukakiacha chombo.

Nilimwendea nyumbani kwake, jioni. Nilimweleza yote haya kwa ufupi: mawe ya Kana, tanuri la anagama, mabomba ya Dakawa, na yule bwana wa Kijapani aliyesali mbele ya birika. Alisikiliza huku akisugua chungu kwa kijiwe. Habari ya kuchoma juma zima ilimchekesha. "Kuni hizo zote, Baba! Na msitu wao umebaki?" Nikamwambia juu ya majivu kugeuka kioo, akanyamaza, kisha akasema aliwahi kuona utotoni vipande vya udongo vyenye kung'aa shambani kwa babu yake, wakaambiwa wasivichezee, ni vitu vya wanaume wa zamani. Sikumwuliza zaidi siku ile, nitamwuliza.

Tulikubaliana mambo mawili. Kikombe nikae nacho mimi, ninywee chai. Na kwa ajili ya Kanisa afinyange mtungi na beseni la kuoshea miguu Alhamisi Kuu, jambo ambalo hakuna hati inayolikataza. Aliviandaa kwa miezi miwili. Usiku ule, nilipopiga magoti mbele ya mzee wa kwanza kati ya wale 12, mtungi ulikuwa umekwisha toka jasho na kulowesha kitambaa cheupe cha meza yote, na mtunza sakristia akanitazama kwa macho ya kulaumu. Bibi alikuwa ameketi benchi la tatu. Nilimwona akijifunika mdomo kwa khanga, anacheka.